Mpaka Gari Litembee

Nderitu wa Kahiga alizaliwa katika laini za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, maili nne kutoka Elburgon, siku zile msitu wa Mau ulipokuwa bado unaanzia nyuma ya vyoo. Baba yake alikuja huko kutoka upande wa Nyeri akiwa na shoka na blanketi moja, akaangusha miti ya wazungu mpaka mgongo ukakataa kunyooka, akafa, akazikwa ng'ambo ya reli. Mtu akimwuliza Nderitu kwao ni wapi, hakutaja Nyeri. Alinyoosha kidevu kuelekea moshi wa kiwanda, basi.

Ufundi aliupata wakati wa vita, ingawa vita vyenyewe hakuviona. Jeshi lilimweka karakana ya Gilgil miaka minne, na huko mfungwa mmoja wa Kiitaliano, Renzo, alimfundisha kazi ya lethi, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Renzo hakujua Kiingereza wala Kiswahili, na Nderitu hakujua Kiitaliano; walielewana kwa vidole. Aliporudi Elburgon mwaka wa arobaini na sita alikuwa mtu anayeweza kupitisha ukucha juu ya chuma na kukuambia kimezidi wapi. Kiwanda kikamchukua. Msumeno ukipinda, shafti ikikatika, aliitwa yeye. Alimwoa Wachuka, binti wa mpasua mbao wa laini ya pili, wakapata msichana, Nyakio. Alikuwa mtu mkimya, mwenye majivuno kidogo kuhusu kazi ya mikono yake, na majivuno hayo hakuyaficha.

Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Tremlett. Wafanyakazi walimwita Kaguru, yaani kijiguu kwa Kikuyu, tangu mwaka wa hamsini na moja, gogo lilipobiringika kutoka kwenye toroli na kumponda mguu wa kushoto. Daktari aliukata juu ya goti. Kaguru alirudi na mikongojo miwili na uso uliokunjamana, akakuta kazi zake zote ziko mahali pasipofikika kwa mikongojo. Miti ilikuwa juu mlimani, njia za magogo zilikuwa matope matupu, na gari la pekee lililoweza kuzipanda mwezi wa Mei lilikuwa Dodge lake la jeshi, mabaki ya vita, lenye magurudumu manne yanayovuta yote. Lakini Dodge lilikuwa na klachi, na klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto. Siku moja alijaribu kuikanyaga kwa mkongojo. Akaingia na gari katikati ya rundo la mbao, akakaa mle ndani muda mrefu bila kutaka kusaidiwa kushuka.

Baadaye alikuwa akiendeshwa na dereva, Ndung'u. Kisha Wakikuyu walipoasi serikali ikatangaza hali ya hatari, na Januari ya hamsini na tatu askari walimchukua Ndung'u mbele ya ofisi, akiwa bado ameshika kitambaa cha kufutia kioo. Tangu hapo Kaguru hakutaka dereva mwingine.

Mwezi huohuo gari kubwa la Kimarekani, mali ya mfanyabiashara fulani, liliteleza kule Mau Summit na kuangukia korongoni. Mwenyewe alipona, gari lilipondeka mbele na juu. Kaguru alilinunua kama chuma chakavu, akalileta kiwandani juu ya lori la magogo, akamwita Nderitu.

"Angalia hii," akasema kwa Kiswahili chake cha kizungu. "Hii gari hapana klachi. Hapana kabisa. Mguu moja nakanyaga mafuta, mguu ileile nakanyaga breki, gia nabadilisha yenyewe. Wewe naweza toa hii gia, weka ndani ya Dodge?"

Nderitu alilala chini ya mabaki yale tangu asubuhi mpaka kengele ya saa sita. Alipotoka alikuwa na mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Inawezekana, Bwana," alisema. "Lakini si kazi ya wiki moja."

"Muda gani?"

"Miezi mitatu. Pengine minne."

Wakati huo alikuwa anasema kweli tupu.

Giaboksi ya kawaida hushikana na injini kwa sahani ya klachi. Hii haikuwa na sahani. Ilikuwa na mabakuli mawili ya chuma yanayotazamana ndani ya mafuta. Injini ikizungusha la kwanza, mafuta yanalisukuma la pili, na gari linaondoka. Nderitu aliifungua mezani akaitazama siku nne bila kuigusa zaidi. Alichora kila kipande kwa penseli kwenye ubao wa mwerezi. Shida haikuwa ndani yake. Shida ilikuwa kwamba matundu ya injini ya Dodge na matundu ya giaboksi ile hayakulingana hata moja, na nyuma, pale nguvu inapogawanywa kwenda magurudumu ya mbele na ya nyuma, ilihitajika shafti fupi ambayo haikuwahi kutengenezwa popote. Ilibidi achonge bamba la chuma lenye unene wa vidole viwili, upande mmoja likubali injini, upande wa pili likubali giaboksi, na katikati yake pawe katikati kweli. Likikosea kwa unene wa unywele, mafuta yote yangemwagika ndani ya wiki moja.

Aliyekuwa akimsaidia kuinua vitu vizito ni Kemboi, mfua vyuma wa kiwanda, Mnandi mwenye mabega mapana na mzaha mwingi. Kemboi alizunguka meza ile akasema, "Fundi, hicho kitu kina akili kuliko karani wetu."

"Karani akifunguliwa hivi hatafungika tena," Nderitu akamjibu, na Kemboi alisimulia jibu hilo laini nzima, kwa sababu Nderitu kufanya mzaha kulikuwa ni habari.

Mwezi wa Machi amri ilikuja. Wakikuyu wote wa kile kiwanda wangeondolewa na kupelekwa rizavu, yaani ardhi waliyotengewa na serikali, waliozaliwa huko na wasiozaliwa huko, wenye hatia na wasio nayo. Malori yangekuja Alhamisi. Kaguru alipelekwa na jirani yake mzungu hadi ofisi ya D.O., ofisa wa serikali wa wilaya, akarudi jioni na karatasi yenye muhuri. Alimwita Nderitu ofisini akamsomea mwenyewe.

"Wewe, bibi yako na toto yako nakaa hapa," alisema. "Mimi nasema kwa Bwana D.O., hii mtu natengeneza mguu yangu. Yeye nauliza, mpaka lini? Mimi nasema, mpaka gari natembea. Yeye naandika. Nimetoa neno langu."

Nderitu alisema asante.

Alhamisi familia zaidi ya sitini zilipandishwa malori. Mama yake Wachuka alipandishwa, na kaka zake wawili, na mzee wa kanisa, na majirani wa kulia na wa kushoto. Kuku walibaki wakizunguka milangoni. Wachuka alisimama akiwa amemshika Nyakio mkono, na mama yake alimwita kwa jina kutoka juu ya lori, mara moja tu, kisha akafunika kichwa kwa shuka. Baadhi ya wanawake hawakumuaga. Walikuwa wanajiuliza amefanya nini mpaka akaachwa.

Siku ile Wachuka alikuwa na mimba ya miezi minne. Alirudi nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akamtazama mumewe.

"Baba Nyakio, karatasi inasema nini hasa?"

Akamwambia.

"Basi hilo gari lisitembee," akasema Wachuka. Alisema kwa sauti ileile ambayo angesema mlango ufungwe, baridi inaingia. "Lisitembee mpaka nijifungue na mtoto apate nguvu. Baada ya hapo litembee likitaka."

"Sawa," Nderitu alisema.

Na kweli alijaribu. Katikati ya Mei kazi ilikuwa imekwisha, naye peke yake ndiye aliyejua, pamoja na Kemboi, ambaye alijua na akajifanya hajui. Bamba lilikuwa limekaa kama lililozaliwa pale. Shafti fupi ilizunguka bila kutikisika. Kilichobaki ni fito moja nyembamba ya chuma, ya kutoka kwenye pedali ya mafuta kwenda ubavuni mwa giaboksi. Fito hiyo ndiyo inayoiambia giaboksi mguu wa dereva una uzito gani, ili ijue wakati wa kubadilisha. Bila hiyo gari hunguruma, hushtuka, huteleza, na kukataa kushika gia. Nderitu aliiacha juu ya rafu, nyuma ya makopo ya grisi. Kila Kaguru alipokuja na mikongojo yake, injini iliwashwa, Dodge lilishtuka kama punda aliyepigwa, likasimama.

"Bado, Bwana. Mafuta hayapandi vizuri."

"Bado, Bwana. Kuna sili ya mafuta inavuja, itoke Nairobi."

Asubuhi alifungua nati alizofunga jana yake, jioni akazifunga tena. Alisafisha kilichokuwa safi. Kwa mtu mwingine ingekuwa likizo. Kwake yalikuwa mateso ambayo hakuweza kumweleza mkewe, kwa sababu yangeonekana upumbavu. Kazi bora aliyowahi kuifanya maishani ilikuwa imelala chini ya gari, na kila siku alilazimika kuionyesha kama kazi mbovu.

Juni Kaguru alimleta fundi wa kizungu kutoka Nairobi, mtu mwenye koti jeupe na kalamu mfukoni. Akaingia chini ya Dodge na tochi. Alipotoka alizungumza na Kaguru Kiingereza, haraka, akidhani hakuna anayemsikia. Lakini Nderitu alikuwa amekaa jeshini miaka minne. Fundi yule alisema kwamba Mwafrika huyu anavuta siku. Kwamba kitu hiki hakiwezekani kufanywa porini. Kitolewe kitupwe, na yeye ataweka mkono wa chuma wa kuvutia klachi kwa siku mbili, jambo rahisi. Kisha akagonga lile bamba kwa kalamu.

"Hili ni kazi nzuri. Limetengenezwa wapi, Uingereza?"

"Hapa," Kaguru alisema. "Ni yeye."

Fundi wa Nairobi akamtazama Nderitu, akacheka kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyeambiwa kwamba mbwa ameandika barua. "Hapana," akasema. "Hili limetoka kwenye kiwanda cha maana."

Kaguru alimgeukia Nderitu. "Nataka kuona hii gari natembea ndani ya wiki mbili. Kama hapana, nafungua yote, natupa."

Nderitu aliyapeleka maneno hayo nyumbani. Giaboksi ikitupwa, karatasi nayo imetupwa. Gari likitembea, karatasi imekwisha. Wachuka alikuwa na miezi saba. Alihesabu kwa vidole akasema, "Wiki mbili hizo tumia zote. Siku ya mwisho mwonyeshe lisogee kidogo, hatua chache, apate tamaa. Atakuongezea nyingine."

Lilikuwa shauri zuri. Kemboi naye, alipoambiwa, alisema hivyohivyo.

Jumamosi ya kwanza Kaguru alienda Nakuru kwenye mkutano na wazungu wenzake. Kiwanda kilifungwa saa sita. Kemboi alikwenda kutazama ng'ombe zake. Nderitu alibaki peke yake karakana, jua likiingia katikati ya mbao za ukuta, na maneno ya yule mtu wa Nairobi yakizunguka kichwani. Alikwenda kwenye rafu, akasogeza makopo ya grisi, akaitoa fito. Alijiambia anataka tu kuipima urefu. Akailaza mahali pake. Ikafika sawasawa. Akaingiza pini upande wa pedali, akaingiza pini upande wa giaboksi, akapanda, akawasha.

Alisogeza mkono wa gia. Dodge lilitoka mlangoni kwa ulaini ambao hakuutegemea hata yeye. Alipita kati ya marundo ya magogo, akakanyaga kidogo, akasikia gia ya kwanza ikiiachia ya pili, na ya pili ikiiachia ya tatu, bila mshtuko, kama mtu anayebadilisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine. Aliuinua mguu wake wa kushoto akaukunja juu ya kiti, kusudi, ili aone dunia ya Kaguru ikoje. Kwenye mteremko wa mto gari lilishuka lenyewe kwa adabu. Kwenye matope ya ng'ambo magurudumu yote manne yalishika, likapanda. Alizunguka uwanja mara moja. Akazunguka ya pili. Ya tatu alikuwa anacheka peke yake kwa sauti.

Alilirudisha karakana, akazima, akashuka na koleo mkononi ili atoe ile pini ya upande wa giaboksi. Akasimama pale. Kazi ya kutoa pini ni ya kuvuta pumzi mbili. Hakuitoa. Alijiambia ataitoa Jumatatu asubuhi kabla ya kengele, hakuna anayekuja huku Jumapili. Akafunga mlango akaenda zake.

Jumapili waliobaki laini walikuwa kwenye kanisa la mbao lililo juu ya barabara, Wakipsigis, Waluhya, na hao Wakikuyu watatu. Mwalimu wa dini alikuwa katikati ya sala walipousikia mngurumo. Watu waligeuka. Dodge lilipanda kilima taratibu bila kukwama, likasimama mbele ya mlango wa kanisa, na ndani yake alikuwa Kaguru peke yake, mikongojo imelala kiti cha pembeni, kofia imeanguka nyuma, machozi yakimtoka waziwazi.

"Nderitu!" alipiga kelele. "Iko wapi hii mtu? Nderitu! Natembea! Mimi natembea!"

Alikuwa amekwenda karakana baada ya chai, kutazama tu, akaingia, akajaribu mkono wa gia kama alivyojaribu mara ishirini hapo nyuma.

Nderitu alitoka nje. Kaguru aliuchukua mkono wake akautikisa kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona mzungu yule akilifanya kwa mfanyakazi. "Yule mtu ya Nairobi ni mjinga," alisema. "Mjinga kabisa! Wewe ni fundi." Watu wa kanisa walipiga makofi. Na Nderitu, mbele ya wote, alitabasamu. Hakuweza kujizuia. Tabasamu lilikuja lenyewe, pana, la mtu aliyengoja miezi mingi kusikia neno moja, na lilikuwa bado usoni alipogeuka na kumwona Wachuka amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya tumbo, akimtazama.

"Nilisahau kuitoa pini," alimwambia walipokuwa wakirudi nyumbani.

Wachuka alimshika Nyakio mkono, akatangulia.

Jumatatu alikwenda ofisini, kofia mkononi.

"Bwana, sasa sisi tutakuwaje? Mama Nyakio amebakiza miezi miwili."

Kaguru aliacha kuandika. Haikuwa kwamba hana huruma. Uso wake ulionyesha huzuni ya kweli. "Mimi nilitoa neno kwa Bwana D.O.," alisema. "Nimepiga simu leo kwa yeye, nasema gari natembea. Kama mimi navunja neno yangu mara moja, nani tena nasikia mimi? Wewe naelewa. Wewe ni mtu ya kazi, naelewa neno."

Kemboi, aliyekuwa amemfuata mpaka mlangoni, aliingia bila kuitwa. "Bwana, na hii gia ikiharibika, nani ataitengeneza? Mimi sijui ndani yake."

"Leo na kesho yeye nafundisha wewe," Kaguru alisema. "Kesho kutwa nakwenda."

Siku mbili Nderitu alimfundisha Kemboi. Alimwonyesha kila nati, kila pini, kiwango cha mafuta, sauti ya kusikilizia. Kemboi alishika kila kitu kwa vidole vizito, na jioni ya pili aliweka spana chini akasema, "Fundi, mimi sitaki kuijua hii kitu."

"Ijue tu," Nderitu akasema. "Usipoijua wewe wataileta kwa yule wa Nairobi aiharibu."

Kemboi alimtazama kama aliyemwona kwa mara ya kwanza.

Jumatano lori la serikali halikuja. Kaguru mwenyewe alifika mlangoni kwao na Dodge. Alisema hataki mama mwenye mimba apande lori lenye wavu pamoja na watu wasiojulikana. Atawapeleka yeye mpaka kambi ya kungojea, kando ya mji wa Nakuru. Aliona anawatendea mema, na kwa akili yake alikuwa anawatendea mema kweli. Aliwaletea koti lake la zamani la sufu. Wakapakia sufuria, magodoro mawili, sanduku la vifaa, na Nyakio aliyekuwa amemshika paka ambaye ilibidi aachwe. Askari mmoja aliketi mbele karibu na Kaguru. Wao waliketi nyuma.

Dodge lilishuka kupitia Njoro. Upande huu mashamba ya ngano yalikuwa yamekua, kijani mpaka mwisho wa macho, na mbele kabisa ziwa liling'aa kama bati. Wachuka alishikilia ubao wa gari kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili, kwa maana kila tuta lilimuumiza. Penye mlima wa kwanza Kaguru alikanyaga mafuta. Ya kwanza ikaachia ya pili. Nderitu aliinamisha kichwa, akageuza sikio. Kulikuwa na ukwaruzo mdogo sana kati ya pili na tatu, ambao Jumamosi haukuwepo. Fito ilitaka kufupishwa nusu mzunguko wa nati. Alikuwa anawaza hilo hasa, nusu mzunguko, alipoinua macho na kukuta mkewe anamtazama.

"Unasikiliza," Wachuka alisema.

Akageuza uso kuelekea ziwa.

Kwenye lango la kambi Kaguru aliwapungia mkono kutoka dirishani, akageuza gari kwa ustadi mahali padogo, akaondoka. Wao walipewa nafasi ndani ya hema lenye familia nyingine nne. Mtoto alizaliwa mle baada ya wiki tatu, kabla ya siku zake, juu ya koti la Kaguru. Alikuwa mvulana, wakampa jina la babu yake, Kahiga. Agosti walipelekwa rizavu, upande wa Nyeri, kwa watu ambao walisema ni ndugu zao na ambao hawakuwa na mahali pa kuwaweka. Shamba hawakuwa nalo. Baba yake Nderitu aliondoka huko kwa sababu hiyohiyo. Mwaka uliofuata wote walikusanywa katika kijiji kimoja chenye handaki na miti iliyochongwa ncha, na Nderitu, ambaye mikono yake ilichonga bamba ambalo fundi wa Nairobi hakuamini ni lake, alipewa sururu akachimba handaki hilo pamoja na wengine, asubuhi mpaka jioni, bila malipo.

Kahiga hakuwa mtoto wa nguvu. Msimu wa ukungu, Julai ya hamsini na nne, kifua kilimbana siku tano, siku ya sita akafa. Walimzika nje ya handaki, askari akiwasimamia wafanye haraka.

Wiki moja baadaye Nderitu alimwambia Wachuka kweli. Walikuwa wanamenya viazi, mchana, Nyakio amekwenda kuteka maji. Pengine alidhani huzuni ikishakuwa kubwa namna ile, jambo lingine halitaonekana. Pengine alikuwa amechoka tu.

"Ile pini," alisema. "Sikuisahau. Niliiweka mwenyewe Jumamosi. Nilitaka kuliendesha."

Wachuka aliendelea kumenya.

"Uliliendesha?"

"Ndiyo."

"Uliendesha wapi?"

"Uwanjani. Nilizunguka."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Tatu," alisema Wachuka. Akaweka kiazi ndani ya sufuria, akachukua kingine. "Na baada ya hizo tatu ukashindwa kuitoa."

"Nilitaka mtu aone," Nderitu alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hata moyoni mwake.

Wachuka hakulia wala hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Tangu siku ile alimpikia, alimfulia, alimjibu alipoulizwa, na hakumwita tena Baba Nyakio. Alimwita Nderitu, kama wanavyoita watu wa ofisi.

Mwaka wa hamsini na saba watu wa rizavu walianza kupewa vibali vya kurudi Bonde la Ufa kufanya kazi. Nderitu alipata kazi Nakuru, kwenye karakana ya majembe ya trekta karibu na stesheni, akalala kwenye chumba cha watu watatu. Wachuka alikataa kwenda. Alikuwa amepata kipande cha kulima kutoka kwa mjomba wake, pamoja na mama yake, ambaye bado alikuwa hai, na alisema hawezi kumwacha mama tena.

Siku moja Kemboi alimtafuta akampata. Walikunywa chai kwenye hoteli ya bati. Kemboi alimweleza kwamba giaboksi ilidumu mwaka mmoja na nusu, kisha ikaanza kuvuja, naye hakuigusa. Kaguru aliuza kiwanda akahamia Afrika Kusini kwa mtoto wake. Dodge lilibaki Elburgon. Mwenye kiwanda mpya, aliye na miguu yote miwili, alirudisha klachi.

"Na bamba?" Nderitu aliuliza.

"Bamba gani?"

"Lile nililochonga."

Kemboi alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikwisha kuyeyuka. "Sijui, Fundi. Sikuuliza."

Nderitu alikwenda rizavu kila baada ya miezi mitatu, karakana ilipomruhusu. Desemba ya hamsini na tisa alifika akakuta Nyakio amekuwa mrefu kumzidi mama yake na amefaulu mtihani wa darasa la nne. Alimsalimia baba yake kwa heshima, akainama kidogo, kisha akaenda kukata majani ya ng'ombe. Wachuka alitoka jikoni, akapangusa mikono, akamsogezea kiti kimoja chenye mgongo, akamletea chai katika kikombe cha udongo chenye maua, kile kinachowekwa juu ya kabati kwa ajili ya wageni. Yeye na mama yake walinywea vikombe vya bati.

"Safari ilikuwaje?" alimwuliza.

"Ilikuwa nzuri," Nderitu alisema. "Barabara ni kavu."

"Utarudi lini?"

"Kesho asubuhi."

Wachuka alitikisa kichwa kukubali, akamwongezea chai.